Paka dume asipokojoa, familia ina saa chache za kuamua

Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti, paka hahesabiwi kwenye mali ya familia. Ng'ombe akiugua usiku, mtu anapanda pikipiki kumfuata bwana mifugo. Mbuzi akikataa majani, dawa inatafutwa siku hiyo hiyo. Paka yeye anaishi jikoni, analala karibu na majivu, anazuia panya wasimalize mahindi stoo, na malipo yake ni ugali uliobaki na vichwa vya dagaa.

Kwa sababu hiyo, akianza kuumwa, siku mbili za kwanza hupita bila mtu kushtuka. Kwa maradhi mengi ya paka, siku mbili hazileti madhara makubwa. Lakini upo ugonjwa mmoja, unaowapata zaidi madume, ambao siku hizo mbili ndizo zinazoamua kama mnyama atapona au atakufa. Ni kuziba kwa njia ya mkojo.

Familia inayoufahamu ugonjwa huu mapema ina nafasi ya kumwokoa paka wake bila kumaliza akiba. Isiyoufahamu huweza kupoteza paka na fedha kwa pamoja, na mara nyingi mtoto wa nyumba ndiye anayebaki na kilio.

Hakufunga choo

Dalili ya kwanza ni kuchuchumaa. Dume anakwenda kwenye majivu, anachuchumaa, anajikamua, kisha anaondoka. Baada ya dakika chache anarudi tena. Anajaribu kwenye mchanga, kwenye kona ya chumba, hata ndani ya beseni la nguo. Hakuna kinachotoka, au linatoka tone moja lenye damu. Analia kwa sauti nzito ambayo si yake ya kila siku, na analamba sehemu zake za siri bila kupumzika.

Watu wengi wakiona hivyo husema amefunga choo. Bibi anashauri anyweshwe mafuta ya kula, mjomba anashauri maziwa, na siku inapita. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa paka anayejikamua kwa choo na anayejikamua kwa mkojo wanachuchumaa kwa namna inayofanana.

Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kuangalia pale alipochuchumaa. Paka aliyefunga choo bado anakojoa, hivyo majivu au mchanga utakuwa umelowa. Kama amechuchumaa mara tano na majivu ni makavu, tatizo ni mkojo. Dalili ya pili iko tumboni. Ukimgusa taratibu sehemu ya chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, unaweza kuhisi kitu cha mviringo kilichokaza. Hicho ni kibofu kilichojaa. Kiguse tu, usikibane. Kibofu kilichojaa kiasi hicho kinaweza kupasuka mikononi mwako.

Ikifika hatua ya kutapika, kukataa chakula, kulegea na kupoa mwili, saa nyingi zimeshapotea. Kuna jambo moja linalowadanganya wengi katika hatua hii: paka anaacha kulia. Familia inafurahi kwamba ametulia, kumbe sumu imeanza kumlevya.

Kwa nini dume

Paka jike ana mrija wa mkojo mfupi na mpana, hivyo kuziba kwake ni nadra. Mrija wa dume ni mrefu, na kadiri unavyokaribia mwisho ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Chembe ndogo za madini zinazofanana na mchanga zikijikusanya kwenye kibofu na kuchanganyika na ute, zinatengeneza kizibo kinachokwama kwenye sehemu hiyo nyembamba. Wakati mwingine kinachokwama ni jiwe dogo. Wakati mwingine hakuna jiwe wala mchanga, bali mrija wenyewe umevimba na kubana.

Figo haziachi kufanya kazi kwa kuwa njia imeziba. Zinaendelea kutengeneza mkojo, kibofu kinajaa, na msukumo unarudi nyuma hadi kwenye figo zenyewe. Taka ambazo zingetoka na mkojo zinabaki kwenye damu. Hatari zaidi ni madini ya potasiamu. Yakizidi kwenye damu, mapigo ya moyo yanapungua, yanakosa mpangilio, na mwisho moyo unasimama. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Wafugaji wa Mara wameshauona ugonjwa huu kwa wanyama wengine. Maksai wanaokokota jembe na beberu waliohasiwa huzibwa mkojo kwa vijiwe vidogo. Mnyama anasimama akikakamaa, anatingisha mkia, anajikamua na hakuna kinachotoka. Mzee aliyewahi kumpoteza maksai kwa namna hiyo hahitaji maelezo marefu kuhusu paka.

Hilo linasaidia pia wakati wa kupiga simu. Afisa mifugo wa kata anaweza kuwa amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku kuliko paka. Ukimwambia "paka anaumwa", anaweza kukuambia atapita kesho. Ukimwambia "daktari, paka dume amezibwa mkojo tangu asubuhi, hata tone halitoki", atajua mara moja kwamba kesho ni mbali.

Msaada unaoongeza hatari

Kabla ya kuzungumzia gharama, kuna mambo ambayo yamewaua paka wengi kabla hawajafika kwa daktari.

La kwanza ni Panadol. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja parasetamoli kama mwili wa binadamu unavyofanya. Hata nusu kidonge kinaweza kuharibu damu yake na kumuua. Diklofenaki, aspirini na dawa nyingine za maumivu za watu nazo ni hatari, hasa kwa paka ambaye figo zake tayari zimeelemewa.

La pili ni sindano ya ng'ombe. Nyumba yenye mifugo mara nyingi ina chupa ya oksitetrasaiklini, ile ambayo wafugaji huiita OTC. Dawa hiyo inapambana na bakteria. Haizibui mrija. Paka dume mzima ana uzito wa kilo tatu hadi tano hivi, na kipimo kilichokisiwa kwa macho na mtu aliyezoea kuchoma ng'ombe wa mamia ya kilo kinaweza kuwa mara nyingi zaidi ya kile anachoweza kukistahimili.

La tatu ni kumnywesha maji kwa nguvu. Maji ni kinga nzuri kwa paka mzima, lakini kwa aliyezibwa yanaongeza tu mkojo usiokuwa na pa kutokea, na paka aliyelegea anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni.

Kinachofaa nyumbani ni kidogo. Mfunge kwa kanga au shuka nene ili asikwaruze, mweke kwenye tenga la kuku au boksi lililotobolewa matundu ya hewa, mkinge na jua, kisha msafirishe. Kama nyumbani mmetega sumu ya panya siku za karibuni, mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya sumu hizo husababisha damu kutoka kwenye mkojo na matibabu yake ni tofauti.

Kichaa cha mbwa kisisahauliwe

Paka mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Katika wilaya hizi jambo hilo lina uzito wake. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vimefuatiliwa na watafiti wa kichaa cha mbwa kwa miaka mingi, na chanjo za pamoja za mbwa zimekuwa zikifanyika huko tangu mwaka 2003. Virusi hivyo husambazwa zaidi na mbwa, lakini paka naye anaweza kuambukizwa na akamwambukiza mtu.

Paka anayeshambulia bila kuchokozwa, anayetokwa na mate mengi, au aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini siku za nyuma, asishikwe na mtoto wala mtu mzima. Aachwe ndani ya chumba kilichofungwa na afisa mifugo ajulishwe. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona paka atakuwaje. Sindano za kumkinga mtu huchomwa zaidi ya mara moja, na kila safari ya kituoni ina nauli yake. Chanjo ya paka ingekuwa nafuu zaidi kwa familia.

Fedha inakwenda wapi

Bima ya afya ya familia inawahusu watu. Haimgusi paka. Kila kitu kitatoka mfukoni, na ni vizuri kujua mapema mfuko huo utalipia nini.

Matibabu kamili yanaanza kwa daktari kumpima na kumpa dawa ya usingizi, kwa sababu hakuna paka atakayekubali kutulia bila hiyo. Kisha anaingiza mpira mwembamba wa mkojo, anasafisha njia kwa maji maalumu ya chumvi, na kukiacha kibofu kimwage kilichojaa. Paka anawekewa dripu ili kusafisha damu na kurekebisha potasiamu. Mara nyingi mpira huachwa kwa siku moja hadi tatu, hivyo analazwa. Zinaongezwa dawa za maumivu, na vipimo vya damu na mkojo pale ambapo maabara ipo.

Kwa hiyo bili ina sehemu kama saba: kumwona daktari, usingizi, mpira, dripu, dawa, vipimo na siku za kulazwa. Kwa mkazi wa Nyamongo, Sirari au kijiji cha mbali na Mugumu, ya nane ni usafiri, na inaweza kuwa kubwa kuliko nyingine kama itabidi kwenda Musoma au Mwanza kufuata daktari mwenye vifaa vya wanyama wadogo. Wanaoishi karibu na mpaka wasifikirie kuruka tu kwenda Kenya na paka kwenye boksi, kwani kumvusha mnyama mpakani kunahitaji vibali.

Sehemu ya bili inayokua kwa kuchelewa ni dripu, dawa na siku za kulazwa. Paka aliyeletwa saa chache baada ya kuziba anaweza kuzibuliwa na kurudi nyumbani haraka. Aliyeletwa siku ya pili anahitaji kuokolewa figo na moyo kwanza, kabla hata ya kuguswa mrija. Familia inayosubiri kuona kama atapona mwenyewe ili isitumie fedha, mara nyingi hutumia zaidi na kumpoteza.

Njia tatu za kuzungumza waziwazi

Tuseme ni jioni Mugumu. Mtoto wa darasa la nne anamwambia mama yake, "Mama, paka hajakojoa tangu asubuhi." Baba amerudi na fedha ya kununulia sare za shule. Mazungumzo yanayofuata ni magumu, na mara nyingi huishia kwa mtu mzima kusema "huyo ni paka tu" na mtoto kwenda kulala akilia. Yangekuwa rahisi kidogo kama wote wangejua kwamba kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni matibabu kamili. Inafaa pale ambapo fedha ipo, daktari mwenye vifaa anafikika, na paka ameletwa mapema. Familia ijue pia kwamba wapo paka wanaoziba tena, hasa siku na wiki za mwanzo baada ya kuzibuliwa. Upo upasuaji wa kupanua njia kwa wanaoziba mara kwa mara, lakini unahitaji daktari aliyeuzoea na haupatikani kila mahali.

Njia ya pili ni nafuu ya sehemu. Daktari anazibua, anatoa dawa ya maumivu, na paka anarudi nyumbani bila kulazwa. Au, kama mpira mwembamba haupo, daktari anatoa mkojo kwa sindano kupitia tumboni ili kununua muda wa kumfikisha penye vifaa. Uwezekano wa kuziba tena ni mkubwa zaidi kuliko akilazwa, na mwenye paka anapaswa kuambiwa hivyo. Lakini kwa kipato cha kaya nyingi, hii ndiyo njia inayowezekana, na baadhi ya paka hupona kwayo.

Njia ya tatu ni kumpumzisha. Kama fedha haipo na msaada hauwezi kufikiwa, daktari anaweza kumchoma sindano akafa bila maumivu. Wengi wanaona aibu kuiomba. Hawapaswi. Kumwacha paka afe kwa kuziba mkojo ni kumwacha kwenye maumivu makali kwa siku mbili, na kumfunga kwenye gunia na kumtupa kichakani ni kumwongezea mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Mzazi aliyechagua njia hii anaweza kumweleza mtoto ukweli kwamba paka alikuwa anaumia sana, hatukuweza kumtibu, na tulimwomba daktari amwondolee maumivu. Mtoto atalia, lakini atakuwa ameambiwa ukweli.

Zote tatu ni halali. Kusubiri siku ya pili ipite hakumsaidii paka wala mfuko.

Kinga iko kwenye bakuli

Paka kwa asili ni mnyama wa nchi kavu na hanywi maji mengi. Anategemea sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye chakula. Panya na nyama mbichi vina maji. Dagaa wakavu na ugali mkavu havina, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana madini mengi. Hii haina maana kwamba kila paka anayekula dagaa ataziba. Maana yake ni kwamba dume anayekula vitu vikavu kila siku, na bakuli lake la maji huwa tupu, ana mkojo mzito, na mkojo mzito ndimo chembe zinamojikusanya.

Kubadili hali hiyo hakuhitaji chakula cha dukani. Waoshe dagaa, wachemshe, mpe pamoja na supu yake. Usitie chumvi, na usitie kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Lainisha ugali kwa supu hiyo. Changanya na utumbo, mabaki ya nyama au yai pale vinapopatikana. Weka maji safi kwenye bakuli mbili sehemu tofauti, mbali kidogo na chakula, na uyabadilishe kila siku, hasa miezi ya kiangazi. Maziwa si mbadala wa maji.

Kwa paka aliyewahi kuziba, mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuangalia majivu kila asubuhi na jioni kwa angalau mwezi mzima. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza vizuri kazi hiyo, na humsaidia pia kuondoa hofu.

Simu ya kupiga kabla hajaugua

Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, ya Wilaya ya Tarime na ya Mji wa Tarime kila moja ina wataalamu wa mifugo. Huduma ya wanyama inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyoanzisha Baraza la Veterinari, na anayetoa huduma hiyo anatakiwa awe anatambuliwa na baraza hilo. Una haki ya kumuuliza kabla hujamkabidhi mnyama wako.

Nafasi nzuri ya kufahamiana nao ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa kijijini. Wakati wengine wanavuta mbwa kwa kamba, mbebe na paka wako kwenye tenga, uulize kama naye atachanjwa. Kisha muulize mtaalamu maswali manne: Je, una mpira wa mkojo wa paka? Kama huna, nani wa karibu anao? Kumzibua kunaanzia shilingi ngapi? Na nikikosa fedha hiyo, kumpumzisha ni shilingi ngapi?

Andika majibu pamoja na namba ya simu nyuma ya daftari la matumizi ya nyumba. Wanaouza mayai au walio kwenye vikoba wanaweza kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya wanyama wote wa nyumbani, paka akiwa mmoja wao. Fedha hiyo isipotumika kwa paka, kuku watapata chanjo.

Usiku wa leo, baada ya chakula, wazazi wanaweza kuzungumza na watoto kwa dakika kumi: tunaye dume au jike, anakojoa wapi, anakunywa maji ya nani, na akiziba tutafanya nini. Ni rahisi kuamua wakati paka amelala karibu na majivu akiwa mzima kuliko saa nane ya usiku akiwa analia.